Daftari la Shangazi na Simu ya Binamu

Nyumba yetu ya Majengo, Mombasa, ina kisima uani. Babu ndiye aliyekichimba, na nyumba ilipopandishwa ghorofa kikawekewa pampu ya umeme ya kusukuma maji hadi kwenye tangi la juu. Maji yenyewe yana chumvi kidogo: ni ya kuoga, kufua na kuoshea vyombo. Ya kunywa twanunua kwa wenye mikokoteni, mtungi kwa mtungi. Bibi anakaa chini kwa sababu ya magoti, Shangazi yuko chumba kinachopakana na chake, mimi na mke wangu na watoto tuko katikati, na juu kabisa yuko Ami na wanawe. Mkubwa wao, binamu yangu, anauza simu mjini. Ni mchangamfu, mkarimu, na ana sauti inayojaza ukumbi. Kwenye harusi zetu ndiye hupewa kipaza sauti.

Mtunza kisima alikuwa Shangazi. Sheria zake tulizijua sote: pampu huwashwa baada ya sala ya alfajiri na baada ya alasiri, basi. Kisima chetu hujaa polepole, na ukikivuta bila kukipumzisha, pampu hunyonya mchanga mpaka ikaungua. Mchango wa kila nyumba, pamoja na kinachotumwa na jamaa wa Muscat, Jeddah na Toronto, aliuandika kwenye daftari lenye jalada jeusi: ujira wa fundi, waya, vali, boya la tangi. Daftari lilikaa sandukuni chini ya leso zake. Hakulificha. Ila hakuna aliyewahi kuliomba, naye hakuona haja ya kulitembeza, maana maji yalikuwa yanatoka.

Pampu ilipokufa, Shangazi aliandika ujumbe mrefu kwenye kundi la familia la WhatsApp, wenye hesabu ndani. Fundi amesema chini ya kisima kumejaa mchanga. Tukitia pampu mpya kabla ya kukisafisha, itakufa kama hii. Kwa hiyo kazi ni mbili, na pesa zilizopo zatosha moja. Tafadhalini kila mmoja aongeze alichojaaliwa. Ujumbe ule ulijibiwa kwa vidole gumba viwili na "Amin" moja, ambayo aliyeiandika nadhani alidhani ni dua. Wiki zikapita. Wadogo zake binamu wakawa wanapandisha ndoo ngazini kabla ya kwenda shule, na mama yao, ambaye mgongo wake si mzima, akawa anashuka kufua uani.

Asubuhi moja binamu alijipaka sabuni mwili mzima, kisha ndoo ikaisha. Alitoka bafuni na taulo kiunoni, povu likimchoma macho, akashika simu na kurekodi ujumbe wa sauti.

"Ndugu zangu, asalam aleikum. Mimi leo nimeoga nusu. Mamangu anahangaika na maji, na mgongo wake mnaujua. Pesa twatoa kila mwezi. Nauliza tu jamani: pesa ziko wapi? Nani anazila?"

Chai ilikuwa haijachemka, na Toronto, ambako ulikuwa usiku wa manane, walikuwa wameshajibu. Jeddah wakajibu. Watu ambao hatukuwahi kusikia kutoka kwao ila kwa taazia na Idi njema waliandika aya nzima nzima. Kufikia adhuhuri sauti ya binamu ilikuwa imeshatumwa kwenye makundi mengine, la harusi iliyopita, la waliosoma pamoja, hata la akina mama wa mtaa wa pili.

Jambo moja ni lazima nilitangulize, kwa sababu wengi wakisimulia siasa za sauti kali huliruka. Binamu alikuwa na haki ya kulalamika. Mama yake alikuwa anaumia kweli, na ujumbe wenye heshima na hesabu ulikuwa umekaa pale juma baada ya juma bila kumpatia hata tone. Watu hawaifuati sauti kali kwa upumbavu wao. Huifuata kwa kuwa sauti ya upole imeshapita mbele yao na hakuna aliyegeuka.

Mpwa wangu alikuwa amekuja likizo kutoka Nairobi, ambako kazi yake ni kununulia makampuni nafasi za matangazo mtandaoni. Alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, Shangazi kando yake anachagua mchele kwenye ungo, na alimweleza taratibu, bila kuacha kukuna. "Nana, wenye mitandao hawaishi kwa kuuza habari. Wanauza macho yetu. Mimi ndiye ninayeyanunua, najua bei yake. Dakika unayokaa ndiyo mali. Basi wanatuwekea mbele kile kitakachotufanya tukae na kujibu." Mwaka 1971, alisema, kabla hata ya simu za mkononi, msomi wa Marekani Herbert Simon alishaliona hili: habari zikizidi kuwa nyingi, kinachopungua ni macho na masikio ya kuzipokea. Kinachopungua hupanda bei. Na anayejua kukivuta kwa bei nafuu ndiye hupata faida.

Shangazi aliuliza swali ambalo nimelirudia mara nyingi tangu siku ile. "Na ugomvi ndio rahisi?"

"Ndio rahisi kuliko vyote, Nana."

Akatueleza kuhusu Facebook. Mwaka 2017 kampuni hiyo iliamua kwamba emoji, ikiwemo ile ya uso uliokasirika, ihesabiwe mara tano ya laiki ya kawaida katika kupanga nani aone nini. Baadaye uzito wa ule uso wa hasira waliushusha wenyewe hadi sifuri. Januari 2018 wakabadilisha mpangilio tena ili kuinua machapisho yanayozua mazungumzo. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, kuwakaribisha jamaa na marafiki. Lakini nyaraka za ndani zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wao, mwaka 2021, zilionyesha vyama vya siasa vya Ulaya vikilalamika. Wahusika wa chama kimoja cha Poland walisema kwamba awali machapisho yao yalikuwa nusu ya kujenga na nusu ya kushambulia. Baada ya mabadiliko, ya kushambulia yalifika asilimia 80, kwa sababu hayo ndiyo yaliyosafiri. Hao walikuwa wanasiasa wa kawaida, wenye ofisi na wanasheria. Fikiria basi neema anayoipata mtu ambaye ugomvi ndio mtaji wake wote.

WhatsApp haipangi ujumbe kwa hesabu za namna hiyo. Huko wapangaji ni sisi wenyewe, kwa kile tunachokipeleka mbele na kile tunachokiacha kife. Ndiyo maana Januari 2019 kampuni ikapunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyatumia ujumbe mmoja kwa mkupuo kuwa matano. Kundi letu halikuhitaji hata hayo matano.

Jioni iliyofuata binamu hakuwa na jipya la kusema kuhusu pampu, kwa kuwa hakuna lililokuwa limetokea. Lakini watu walikuwa wanasubiri. Nilimwona kwa macho yangu amekaa ngazini, anafungua simu, anaifunga, anaifungua tena. Kisha akashuka uani, akapiga picha dirisha la Shangazi lililokuwa na mapazia mapya, akaituma kwenye kundi na alama ya kuuliza peke yake. Kundi likawaka moto. Yale mapazia yalikuwa yametumwa na binti yake Shangazi aliyeko Muscat, naye kesho yake aliweka picha ya risiti ya duka pamoja na maelezo yaliyotulia. Wakati huo mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwenye tangi. Risiti ilijibiwa "sawa" moja. Mapazia bado yanatajwa hadi leo, hata na watu walioiona risiti.

Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha MIT walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa uliozidi wa zile za kweli kwa asilimia 70, na wasambazaji waliosababisha pengo hilo walikuwa binadamu, si roboti. Uongo ulikuwa na upya, na ulishtua. Risiti ya mapazia haina upya wowote. Inarudisha mambo yalivyokuwa, na hakuna anayeamka usiku wa manane Toronto kusoma kwamba mambo yako kama yalivyokuwa.

Shida ya Shangazi ilikuwa moja zaidi: alikuwa na uso. Mchanga wa chini ya kisima hauna uso, huwezi kuupiga picha ukauandikia alama ya kuuliza. Sababu za kweli za mambo yanayotuumiza mara nyingi ni za namna hiyo, ni madeni, bei za dunia, mabomba yaliyozikwa, uzembe wa miaka mingi wa watu wengi. Mwanasiasa anayeinuka kwa kasi humpa mwananchi mtu wa kumkasirikia, tena kwa jina. Vyombo vya habari navyo humpa muda kwa kuwa anawaletea watazamaji. Donald Trump alitangaza kugombea urais wa Marekani Juni 2015. Kufikia Machi 2016 New York Times ilichapisha makadirio kwamba nafasi aliyopewa bure na vyombo vya habari ilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 1.9, huku matangazo aliyoyalipia mwenyewe yakiwa ya dola milioni 10 hivi. Wiki mbili hivi kabla ya hapo mkuu wa CBS, Leslie Moonves, alikuwa amewaambia watu wa biashara kwamba mambo yale ya kampeni huenda hayaifai Marekani lakini yanaifaa sana CBS. Waliomchukia Trump walimtangaza sawasawa na waliompenda. Ndivyo ilivyokuwa kwetu pia: waliomtetea Shangazi kwa hasira ndio walioyafanya mapazia yakae juu ya mazungumzo usiku kucha.

Ikapigwa kura kundini. Binamu akawa mweka hazina na msimamizi wa kundi, Shangazi akatolewa. Alimkabidhi pesa zote, shilingi kwa shilingi, mbele ya Ami. Daftari hakuliomba mtu.

Sasa hapa pana jambo lililoniuma kuliko yote. Binamu hakuwa mgeni katika kazi ya kisima. Pampu iliyokufa aliinunua yeye pamoja na Shangazi. Walikwenda dukani wawili, wakarudi na tuktuk moja. Baba yake ndiye aliyekuwa akishauriwa kabla ya kila matumizi makubwa. Lakini katika jumbe zake alizungumza kama mtu aliyefungiwa nje ya mlango miaka yote, na walioishi naye nyumba moja walimwamini. Simu haikumbuki jana. Kila asubuhi inaanza upya, na anayesimama leo akasema "wao" wakati alikuwa mmoja wao husikika kama mtu mpya.

Jair Bolsonaro alikuwa mbunge wa Brazil tangu 1991. Mwaka 2018 aligombea urais kama mpiganaji dhidi ya wanasiasa. Katika kila kipindi cha matangazo ya kampeni ya televisheni, chama chake kiligawiwa sekunde 8. Geraldo Alckmin, mwenye muungano mkubwa wa vyama vikongwe, alikuwa na zaidi ya dakika 5. Alckmin aliambulia chini ya asilimia 5 ya kura za duru ya kwanza. Bolsonaro alikuwa ameshahamia kwenye simu za watu, na aliposhambuliwa kwa kisu mwezi Septemba hata televisheni hazikuwa na habari nyingine. Oktoba alishinda.

Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2022, William Ruto alikuwa ameingia bungeni tangu 1997, amekuwa waziri, amekuwa naibu wa rais tangu 2013. Alifanya kampeni kama mtoto aliyeuza kuku kando ya barabara anayepambana na watoto wa wakubwa. Raila Odinga, mtoto wa makamu wa kwanza wa rais, akiungwa mkono na Uhuru Kenyatta, mtoto wa rais wa kwanza, aliifanya hadithi hiyo ijisimulie yenyewe. Unga wa kilo mbili ulikuwa umepita shilingi 200. Wilbaro, nembo ya chama cha UDA, ilieleweka na kila mtu bila kusoma: hapa Majengo vijana waliisukuma barabarani, wakapiga picha juu yake, wakaiweka kwenye hali zao za WhatsApp. Alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Sisemi watu walidanganywa. Njaa ilikuwepo, na dharau ya wakubwa ilikuwepo. Ninachosema ni kwamba swali la nani alikuwa serikalini kwa miaka tisa iliyotangulia lilihitaji kumbukumbu, na kumbukumbu haina soko kwenye kioo cha simu.

Binamu alinunua pampu. Ilikuwa kubwa, yenye nguvu karibu mara mbili ya ile ya zamani, na ilipofika alirekodi kila hatua: tuktuk ikiingia uchochoroni, katoni likifunguliwa, Bibi akiiombea dua akiwa kwenye kiti chake. Jeddah walilia kwa furaha. Fundi yule yule wa awali alimwambia, nami nikiwa nimesimama pale, "Kaka, kisima kwanza kisafishwe." Binamu alimjibu kwa upole wa kweli: "Fundi, watu wamengoja sana. Nikiwaambia tena wangoje, watasema mimi na Shangazi ni wamoja." Nilimhurumia. Aliahidi maji, na kusafisha kisima kungemchukulia siku nyingi za matope ambazo hakuna ambaye angezitazama. Akaondoa na sheria ya mara mbili kwa siku. Maji saa zote, alitangaza. Na kwa kuwa boya la tangi lilikuwa linapunguza kasi ya maji kila tangi linapokaribia kujaa, akalitoa.

Wiki ile ya kwanza ilikuwa ya furaha, siwezi kukataa. Mke wangu aliosha hata kuta.

Jumamosi walikuwa wanakuja washenga kumposa dada yake binamu. Uani kulikuwa na sufuria mbili za pilau, nyumba imefukizwa udi, mashuka mapya yametandikwa sebuleni kwa Ami. Binamu aliwasha pampu tangu mchana, ili wageni wakute maji kila mfereji. Baada ya alasiri alipanda juu, akaenda laivu: tangi lile pale, maji yale yanaingia, ndugu wa nje waone pesa zao zimefanya nini. Watazamaji wakaongezeka. Walimuuliza maswali, akayajibu, akawataja kwa majina, akawaonyesha bahari kwa mbali. Nyuma yake maji yalifika ukingoni, yakapita.

Kwanza yalishuka kwa mfereji wa mvua unaoelekea uani, yakamwagika juu ya sufuria ya pilau na kuuzima moto. Mke wangu akapiga kelele. Mengine yakachukua ngazi, yakaingia kwa Ami, dari ya sebule ikavimba katikati na kuangukia mashuka, halafu yakateremka kwetu, halafu kwa Bibi. Godoro la Bibi lililowa, gunia la mchele lililowa, na Bibi mwenyewe alikuwa ameinua miguu kitandani akiita jina la Mungu. Tulimwita binamu kwa sauti zote. Baadaye alituambia alitusikia, lakini alidhani tumefurahi. Wakati huo huo kisima kilikuwa kimekauka. Pampu ilianza kunguruma kwa namna nyingine, ikanyonya mchanga, moshi ukatoka. Shangazi ndiye aliyevuka maji na malapa yake hadi kwenye swichi kuu na kuishusha kabla umeme haujamkamata mtu. Washenga walifika baada ya magharibi wakakuta giza, Bibi amefunikwa blanketi uani, na mimi na Ami tunachota maji kwa beseni. Ni watu waungwana. Walikunja kanzu wakasaidia, na posa ikajibiwa juma lililofuata.

Lakini kuna kitu kingine kilichotokea usiku ule, na mpwa wangu ndiye aliyekigundua. Laivu ya binamu haikuwa imezimwa. Simu iliangushwa juu ya dari ikiendelea kurekodi kelele, na watazamaji walikuwa wameongezeka kuliko wakati mwingine wowote. Mtu akakata kipande cha mayowe ya hofu na maji yakiporomoka, kikazunguka Mombasa nzima. Pampu iliposifiwa ilitazamwa na jamaa. Pampu ilipoungua ilitazamwa na watu tusiowajua.

Hapo nilielewa kwa nini kushindwa hakuwaangushi haraka watu wa siasa hizi. Tulizoea kudhani kwamba kiongozi akiahidi maji, yasipopatikana maji, ameisha. Lakini kama kinachomweka juu ni macho ya watu, basi gharika nayo inamfaa, kesi inamfaa, aibu inamfaa, mradi jina lake lisitoke kwenye kioo. Anachokiogopa ni wiki ya kimya ambamo kisima kinasafishwa.

Kesho yake binamu alituma ujumbe wa sauti. Kuna mtu, alisema, alifunga vali kwa makusudi ili kumharibia. Wapo walioamini, hasa walioko mbali, ambao hawakukanyaga maji yale. Sisi tuliolala kwenye magodoro mabichi hatukuamini. Tofauti hiyo naiona kila mahali sasa: kadiri mtu anavyokaa mbali na kisima, ndivyo ujumbe wa sauti unavyokuwa kisima chake.

Waliombadilishia upepo walikuwa watoto wa nyumba. Walianza kumwita Tufani, wakatengeneza video fupi fupi za ndoo na mwavuli, na kabla ya mwezi kwisha chombo kilichompandisha kilikuwa kinamshusha. Wakenya wameliona hilo kwa ukubwa wa kutisha. Rais aliyeingia kwa wilbaro aliitwa Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka, na jina hilo likawa wimbo na kelele ya barabarani. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipoletwa ukiwa na pendekezo la ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate, vijana waliukamata kwenye TikTok na X. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni. Kesho yake Rais akasema hatautia saini. Kufikia Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Siwezi kuandika idadi hiyo kwa wepesi; wengi wao walikuwa na umri wa mpwa wangu.

Pamoja na uchungu huo, kuna jambo walilolifanya vijana wale ambalo halijapewa heshima yake. Waliusoma mswada. Walichukua waraka wa kisheria ambao hata wabunge wengi hawakupenda kuusoma, wakaufafanua kifungu kwa kifungu katika lugha za nyumbani, kwa video za dakika moja moja, hata kwa lugha ya ishara. Mitandao ile ile inayolipa ugomvi ilibeba hesabu, kwa kuwa waliozibeba walikuwa watu wanaojua kuzungumza, na hesabu zenyewe zilikuwa za mkate wao. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tufunge mitandao, wala na wanaosema watu wa siku hizi hawawezi kusikiliza jambo zito. Wanaweza. Lakini ilibidi mambo yafike shingoni kwanza, na gharama tumeiona.

Mpwa wangu ndiye aliyemshauri Shangazi alitoe daftari. Shangazi hakutaka kurudishwa kwenye uongozi wala kuombwa radhi kundini. Binamu alipokuja mwenyewe chumbani kwake, akakaa mkekani, akasema, "Shangazi nisaidie, sijui nianzie wapi," alifungua sanduku akamkabidhi lile jalada jeusi kwa sharti moja. "Hutalisoma kimya. Utalisoma kundini kwa sauti yako, ukurasa kwa ukurasa. Wewe ndiye wanayekusikiliza."

Akasoma ukurasa wa kwanza: mwaka, mwezi, nani alitoa nini, fundi alilipwa ngapi, boya lilinunuliwa wapi. Alijitahidi, akatia na utani wake wa harusini. Jioni akashuka tena uani, simu mkononi, uso umemshuka. Mke wangu alisikiliza, Ami alisikiliza, Muscat walisikiliza. Toronto kimya. Jeddah kimya.

"Shangazi, hawasikilizi," alisema. "Nilipouliza nani amekula pesa walinijibu mia. Leo nawaambia zilikokwenda, na hawapo."

Shangazi hakuinua macho kwenye ungo wake. "Wanaokaa juu ya kisima wamesikia?"

"Wamesikia."

"Na wamekwambia nini?"

"Ami amesema yuko tayari kutoa ya kusafisha. Na washenga wameleta kitu."

"Haya. Kesho soma ukurasa wa pili."